Jibu: King James ni tamu zaidi, lakini je, ni sahihi zaidi?

Salaam ndugu. Umekwama kwa sababu 1 Yohana 5:7 ya King James, ile Biblia ya Kiingereza ya zamani, ina "Baba, Neno na Roho Mtakatifu", na kwenye NIV, tafsiri ya Kiingereza ya kisasa, maneno hayo hayapo, ukadhani yamefutwa.

Kabla ya kulaumu mfasiri, angalia alitafsiri kutoka maandishi yapi. Waliotoa King James mwaka 1611 walifuata matoleo ya Kigiriki yaliyotokana na kazi ya Erasmus, mwanazuoni aliyechapisha Agano Jipya la Kigiriki. Toleo lake la 1516 halikuwa na maneno hayo, akayaingiza 1522. Nakala za Kigiriki zilizo nayo ni chache mno, tena za baadaye sana. Kwa hiyo hapo hakuna aliyefuta.

Zaburi 23:4 ni kesi nyingine. King James inasema bonde la uvuli wa mauti, kama Union Version yetu. NIV ya 2011 imeweka bonde lenye giza kuu. Kiebrania sikijui, nategemea tanbihi: neno lenyewe wengine husoma giza nene, lakini hata tafsiri ya kale ya Kigiriki ilisema uvuli wa mauti. Msibani mimi nasoma ya zamani, bila kuomba radhi.

Halafu 1 Wakorintho 13: Tyndale, mfasiri wa Kiingereza aliyetangulia King James, mwaka 1526 aliandika "love" (upendo), King James ikaweka "charity", ambayo leo Mwingereza anasikia sadaka! Hapo utamu wa zamani unapotosha kabisa.

Fungua zote mbili mstari kwa mstari, na tanbihi usiziruke.