Kama vita vingefika nyumbani

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: ni hadithi ipi ya katuni ya "ingekuwaje kama" ambayo uliimaliza lakini yenyewe haijamalizana nawe? Yangu ni toleo moja jembamba la Marvel, lililochapishwa mwishoni mwa 2007, linalouliza ingekuwaje kama Wimbi la Annihilation, jeshi kubwa la wavamizi wa kutoka angani, lingefika duniani. Mwandishi ni David Hine, mchoraji Mico Suayan. Nililinunua mwaka 2011 kwa shilingi 50, kwa muuzaji aliyekuwa ametandaza vitabu kando ya barabara ya Tom Mboya, na hadi leo ninalo.

Hadithi za namna hii zilipata jarida lao mwaka 1977. Toleo la kwanza liliuliza ingekuwaje kama Spider-Man angejiunga na Fantastic Four. Msimulizi ni Uatu, yule Mtazamaji anayeishi mwezini, aliyekula kiapo cha kuona yote bila kuingilia lolote. Nimesoma nyingi, na nyingi zimeniudhi. Mwandishi hubadilisha jambo moja, kisha huua kila mtu ili tukubali kwamba mambo yalivyokwenda ndivyo yalivyopaswa kwenda. Hiyo naiita hadithi ya kututisha. Ninayoipenda ni ile inayochukua kitu kilichokuwa mbali na kukileta mlangoni.

Vita vyenyewe vilisimuliwa mwaka 2006. Annihilus, mtawala wa Negative Zone, ulimwengu mwingine ulio kando ya huu wetu, anavamia ulimwengu wetu na majeshi yasiyohesabika. Sayari ya Xandar inaangamizwa pamoja na kikosi chake kizima cha walinzi wa anga kiitwacho Nova. Anabaki mmoja tu, Richard Rider, kijana wa New York ambaye naye huitwa Nova, amebeba peke yake nguvu za wenzake wote waliokufa. Na hapo ndipo panaponigusa: wanaokuja kupigana upande mmoja naye ni watu wasioweza kuketi meza moja. Wakree na Waskrull, jamii mbili za viumbe wa sayari za mbali, wana uadui wa tangu enzi na enzi. Vita vyao vya mwaka 1971 na 1972 katika jarida la Avengers ni vya kukumbukwa. Sasa Ronan, Mkree, anasimama bega kwa bega na Super-Skrull, shujaa wa Waskrull. Hawajasameheana. Nyumba zao zinaungua kwa moto mmoja, basi.

Wakati huohuo duniani, Captain America na Iron Man, marafiki wa miaka mingi, wanapigana. Serikali ya Marekani imetunga sheria ya kuwataka mashujaa wote wajiandikishe. Mmoja anaikubali, mwingine anaikataa, na kila aliye karibu nao analazimika kuchagua upande. Hawajui kabisa kinachoendelea huko juu. Katika historia rasmi Nova anamshinda Annihilus mbali sana na kwetu, anarudi nyumbani, na anakuta watu aliowapigania wametumia muda huo wote kuvunjana mbavu.

Kwa hiyo umbali ndio uliowaokoa, na ni umbali huohuo uliowaficha aibu yao. Hine aliuondoa. Katika toleo lake Wimbi halizuiwi kule mbali. Nova anafika duniani na habari ya vita vinavyokuja, naye anawakuta katikati ya vita vyao. Sitaeleza mwisho, maana kuna watakaokitafuta kitabu hicho. Lakini ukurasa ambao Nova anatua kati yao nimeutazama mara nyingi kuliko ukurasa mwingine wowote wa katuni.

Niseme sababu. Januari 2008 nilikuwa na miaka 13, tukiishi katika ploti ya vyumba 12 huku Eastlands, bomba la maji moja. Baba yangu ni seremala. Yeye na jirani wa chumba cha pili walikuwa na karakana ya pamoja, na ndani yake mashine ya kuranda mbao waliyoichangia pesa kwa miaka mitatu. Watoto wao tulikula popote chakula kilipoiva kwanza. Baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa, wale wazee wawili waliacha kusalimiana. Hawakupigana, wala hakuna aliyemtukana mwenzake mbele yetu. Kila mmoja alianza kufunga mlango mapema, na redio zikawa zinasikilizwa kwa sauti ya chini. Katika nchi nzima zaidi ya watu 1,000 waliuawa siku zile. Kwenye ploti yetu hakufa mtu, na kwa sababu hiyo sikuwahi kuona kama nina haki ya kulizungumzia.

Tarehe 28 Februari Kibaki na Raila walitia saini mkataba mbele ya Harambee House, Kofi Annan akiwapo. Tuliona kwenye televisheni ya kioski. Wiki chache baadaye mashine ikauzwa, pesa zikagawanywa sawa kwa sawa hadi shilingi ya mwisho, na jirani akahama na familia yake. Wakubwa walikuwa wamepeana mikono. Wale wawili wetu hawakupeana.

Nilipokisoma kitabu kile miaka mitatu baadaye, nilikisomea ndani ya matatu nikapitiliza kituo changu. Sikuwa nawaza nani ana nguvu kuliko nani. Nilikuwa nawaza juu ya mtu anayefika akiwa na vumbi la vita vingine, anasimama katikati ya watu wawili wanaopendana na kuwaambia kitu ambacho kinaufanya ugomvi wao uwe mdogo. Katika historia rasmi, vita vile vya mashujaa vilipofika mwisho, Captain America aliacha kupigana baada ya wahudumu wa dharura kumrukia na kumzuia, akageuka akaona jiji lilivyoharibika. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sisi watoto hatukufanya hivyo. Tulikuwa saba. Tungeweza kwenda tukaketi juu ya ile mashine.

Siku hizi ninachora, hasa kwenye matatu, na usiku ninachora yangu. Mwaka jana nilitengeneza hadithi ya kurasa nne: ploti, jioni, mlango unabishwa. Nilihangaika sana na anayebisha. Nilimjaribu Nova, kofia yake ya dhahabu ikakataa kukaa kwenye korido yetu. Mwishowe nilimchora mtoto mwenye sufuria, ametumwa kuomba chumvi, na nyuma yake karakana iko wazi na mashine ipo mahali pake.

Nilimpa Baba. Alivaa miwani, akasoma taratibu, akarudia ukurasa wa nne. Aliniambia mkono wa mashine nimeuweka upande usio wake. Ulikuwa kushoto, kwa sababu mwenzake alikuwa akitumia mkono wa kushoto na waliugeuza pamoja siku walipoinunua. Nimeufuta. Ninauchora upya wiki hii.

Msomaji wenu,
Nairobi