Steringi Mwenye Makosa: Maswali Yenu Kuhusu Filamu za Vikosi vya Wahalifu

Wiki mbili hizi maswali yamekuwa mengi kuhusu filamu zinazokusanya wahalifu na watu walioharibikiwa maisha, kisha zikawatuma kuokoa ulimwengu. Nimechukua sita. Mengine yanafanana na haya, kwa hiyo hata kama swali lako halimo, huenda jibu lako limo.

Dada, Suicide Squad ya 2016 ilipondwa kila kona lakini iliuza sana. Nani alikuwa muongo, wachambuzi au watazamaji? (Msomaji, Mwanza)

Hakuna aliyedanganya, mdogo wangu. Filamu ilitoka Marekani tarehe 5 Agosti 2016, na wikiendi ya kwanza ikaingiza zaidi ya dola milioni 133 huko Marekani na Kanada, rekodi ya mwezi Agosti kwa wakati ule. Wikiendi ya pili mapato yakaporomoka kwa asilimia 67 hivi. Duniani kote ilimaliza na karibu dola milioni 746, bila kuonyeshwa China. Zisome namba hizo kwa pamoja. Watu walifurika kwa sababu ya ahadi waliyopewa, wakaona walichoona, na wengi hawakuwahimiza jirani zao waende.

Ahadi ilitoka kwenye trela. Picha za kwanza, za Julai 2015, zilikuwa nzito na za huzuni. Trela ya Januari 2016 iliwekewa wimbo wa bendi ya Queen, ikajaa mzaha na rangi, na watu wakaipenda mno. Agosti ile jarida la Hollywood Reporter liliandika kwamba studio iliita kampuni iliyotengeneza trela isaidie kuandaa toleo jingine la filamu, lishindane na la mwongozaji David Ayer. Mwaka 2021 Ayer mwenyewe alitoa barua ya wazi akisema toleo lililoonyeshwa si filamu yake. Mtazamaji wa kawaida hakuyajua hayo yote, ila mshono aliuona. Ni kama gauni lililokatwa na fundi mmoja likashonwa na mwingine: hata asiyejua cherehani anaona bega moja limepanda.

Lakini kilichoniuma mimi si mshono. Ni yule El Diablo. Ameua mkewe na watoto wake kwa moto wake mwenyewe, na pale baa anapokiri mbele ya wenzake, filamu nzima inatulia. Ni dakika chache nzuri sana. Kisha, muda mfupi baadaye, anawaita wale watu familia yake. Familia lini? Wamefahamiana usiku mmoja tu! Nadhani hapo ndipo filamu ilipowapoteza watu. Mtazamaji yuko tayari kumpenda mwuaji, ila mpe muda wa kumpenda. Filamu ile iliwaogopa wahusika wake. Kila walipoanza kuwa watu, ikawasha wimbo mwingine.

Mashabiki walisema wachambuzi wamenunuliwa, wakataka Rotten Tomatoes ifungwe. Kuna ukweli? (Msomaji, Mombasa)

Ni kweli walikusanya maelfu ya sahihi wakidai tovuti ile ifungwe. Hasira yao naielewa, maana ukisubiri kitu mwaka mzima, mtu akikitukana kabla hujakiona, inauma. Ila Rotten Tomatoes yenyewe haichambui filamu. Inahesabu wachambuzi waliopendezwa na wasiopendezwa, basi. Ile asilimia 26 si alama ya mtihani. Inamaanisha kwamba katika kila wachambuzi 100, kama 26 hivi waliisifu. Na Warner Bros., studio iliyoitoa filamu, ilikuwa na hisa katika Fandango, kampuni iliyomiliki tovuti hiyo. Mtu hanunui watu wamtukane mwenyewe.

Kipimo cha watazamaji kipo kingine, CinemaScore, ambacho huwagawia kadi watu wanaoingia kumbini siku ya ufunguzi huko Marekani. Filamu ile ilipata B+. Ile ya mwaka 2021, The Suicide Squad ya mwongozaji James Gunn, iliyosifiwa na wachambuzi karibu tisa kati ya kumi, ilipata B+ hiyo hiyo. Hilo nimelitafakari sana. Usiku wa kwanza kumbini kuna wapenzi wa dhati, na wapenzi huona kwa macho ya mahaba.

Binti yangu ana miaka 13, anampenda Harley Quinn mpaka nywele anataka kupaka rangi mbili. Nimkataze? (Mama, Arusha)

Usimkataze, mama yangu. Kaa naye mzungumze.

Harley Quinn alizaliwa kwenye katuni za televisheni za Batman mwaka 1992, kazi ya Paul Dini na Bruce Timm. Historia yake ni ya daktari wa akili aliyempenda mgonjwa wake, Joker, akapoteza kazi, jina na akili. Mapenzi yale ni ya kuumizwa. Katika filamu ya 2016 yanang'arishwa kwa taa na muziki, na wasichana wengi walitoka kumbini wakidhani hivyo ndivyo mwanamume anavyopenda. Hilo ndilo la kuzungumza naye, si nywele. Nywele zitaota.

Mwambie pia kwamba waandishi wenyewe walimrudia Harley. Katika filamu ya 2021 rais dikteta wa nchi ya kubuni anamposa kwa maua na chakula kizuri. Harley anakubali, kisha anamsikia akisema atawaua hata watoto wa wapinzani wake. Anampiga risasi papo hapo, na anaeleza kwamba alijiapiza, safari hii akipata mpenzi, ataziangalia dalili mapema. Nilipoitazama mara ya kwanza, wanawake waliokuwa karibu yangu walipiga makofi, na hawakuwa wakishangilia risasi.

Ila hiyo ya 2021 si ya mtoto wa miaka 13. Ina damu na matusi mengi, na Marekani iliwekwa daraja la R, yaani mtoto haingii kumbini bila mtu mzima. Itazame wewe kwanza, umsimulie sehemu hiyo.

Joker wa Jared Leto alikwenda wapi? Nilienda kwa ajili yake. (Msomaji, Nakuru)

Alibaki kwenye chumba cha uhariri. Leto mwenyewe amesema vipande vyake vingi vilikatwa. Trela ilimweka mbele, filamu ikamweka pembeni, na malalamiko yako ni ya haki.

Kama ya James Gunn ya 2021 ni nzuri hivyo, mbona haikuuza? (Msomaji, Dodoma)

Ilipata dola milioni 168 hivi dunia nzima, kidogo sana kwa filamu ya ukubwa ule. Ilitoka Agosti 2021, korona aina ya delta ikiwa imepamba moto. Huko Marekani ilionyeshwa HBO Max, huduma ya kutazama filamu mtandaoni, siku ile ile iliyoingia kumbini. Watoto hawakuruhusiwa kuingia peke yao. Na jina! Tofauti yake na la 2016 ni neno moja dogo la mwanzo, hivyo aliyechukizwa na ile ya kwanza alidhani ni ile ile.

Mimi naipenda kwa sababu ilivunja sheria yetu ya kibanda umiza: steringi hafi. Kikosi unachotambulishwa mwanzoni kinateketezwa ufukweni kabla hujazoea majina. Baada ya hapo unamtazama kila mtu kwa wasiwasi, na ukishaogopa kumpoteza mtu, umeshampenda. Anayekuja kubeba moyo wa filamu ni Ratcatcher 2, msichana anayeongoza panya, mnyama tunayemrushia ndala. Baba yake alimfundisha kwamba ikiwa panya, kiumbe duni kabisa, wana kazi yao duniani, basi na sisi tunayo.

Shikamoo dada. Nilitazama Thunderbolts* nikalia mwishoni, wenzangu wakanicheka. Eti filamu ya mashujaa haiwezi kuisha kwa kukumbatiana. Na kile kinyota kina maana gani? (Kijana, Morogoro)

Marahaba, mdogo wangu. Kinyota kwanza: kilidokeza kwamba jina lile si la kudumu. Siku chache baada ya filamu hiyo ya Marvel kutoka, Mei 2025, mabango yalibadilishwa yakasomeka *The New Avengers*, jina ambalo kikosi kinapewa mwishoni.

Sasa machozi yako. Filamu inaanza na Yelena, uso wa Florence Pugh, akiwa juu ya jengo la Merdeka 118 la Kuala Lumpur, akieleza utupu alionao moyoni, kisha anajiachia chini. Ana parachuti, lakini kauli ile tayari imekushika. Adui wao anatoka ndani ya Bob, kijana mnyonge aliyefanyiwa majaribio. Giza lake linawageuza watu wa New York kuwa vivuli na kumfungia kila mmoja ndani ya aibu yake. Kumbuka chumba cha John Walker, mmoja wa kikosi: mtoto analia, yeye ameinamia simu. Hakuna jini wala zimwi pale. Ni baba aliyeinamia simu, na wengi wetu tumewahi kukaa kwenye kiti kile.

Bob anapolipiga lile giza, linazidi kummeza. Yelena anamkimbilia na kumshika, na wenzake wanafuata. Ngumi ingekuwa uongo, kwa sababu mtu aliyezama ndani yake hatoki kwa kujipiga. Watazamaji wa siku ya ufunguzi waliipa A-, juu kuliko zote mbili tulizozitaja, ingawa mapato yalikuwa ya wastani, dola milioni 382 hivi. Kwa hiyo hukulia peke yako.

Na kama ulilia kwa sababu unaujua utupu ule, mwambie mtu mmoja wiki hii, kaka au mama, au mhudumu wa afya aliye karibu nawe. Ukikosa pa kuanzia, niandikie tena.