Jamii Kamilifu na Uhuru wa Mtu: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika salama, na mama yako anakushukuru sana kwa kitenge. Umeniuliza kama jamii kamilifu inaweza kuwepo bila watu kupoteza uhuru wao, na naelewa swali hilo limezaliwa na maisha yako ya huko Kigali, ambako barabara ni safi, abiria wa pikipiki huvaa helmeti bila kubembelezwa, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2008, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu hutoka kufanya umuganda, ile kazi ya pamoja ya jamii. Ukija likizo Jinja ukakuta takataka mtaroni, unaona aibu. Hata mimi naona. Hata hivyo jibu langu ni kwamba haiwezekani, na sababu yangu si ile ya wengi, kwamba binadamu ni mbaya.

Anayeamini kwamba jamii yake imekwisha kukamilika hana tena haja na mtu wa kupinga. Mkosoaji, ambaye katika jamii ya kawaida ni msumbufu tu, huko anageuka kuwa adui, kwa kuwa malalamiko yake yanathibitisha kwamba ukamilifu wenyewe haupo.

Kwa jirani zetu wa Tanzania, Azimio la Arusha la 1967 lilibeba ndoto ambayo mpaka leo siwezi kuidharau: watu wakae pamoja, wafanye kazi pamoja, wapate shule, zahanati na maji, asiwepo wa kumnyonya mwenzake. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisisitiza kwamba watu hawaendelezwi, bali hujiendeleza. Lakini wananchi walipochelewa kuhamia vijijini kwa hiari, mwishoni mwa 1973 kuhamia kukawa amri, na katika Operesheni Vijiji mamilioni walihamishwa, wengine wakipakiwa kwenye malori na nyumba zao kubomolewa au kuchomwa moto ili wasirudi. Shule zilijengwa kweli, na wengi walijua kusoma. Ila wakulima wengi walijikuta mbali na mashamba yao, na waliojua udongo wa mahali pao hawakuulizwa. Linalonisumbua ni kwamba wengi walioendesha kazi hiyo walikuwa na nia njema.

Kwetu Uganda hata nia njema ni vigumu kuiona. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka, na watu wengi walishangilia wakiamini kwamba neema sasa imefika. Hapa Jinja, mji uliotegemea viwanda vyao, sukari ikawa bidhaa ya magendo, ingawa mashamba ya miwa ya Kakira yako nje ya mji tu.

Tazama pia mtaa wetu wa Walukuba. Wakoloni waliupanga kwa ajili ya wafanyakazi, nyumba zikafanana mstari kwa mstari, na nadhani mchoraji aliamini kwamba amefikiria kila hitaji la mtu. Leo ukizunguka nyuma ya nyumba utakuta jiko la mabati limeegemezwa ukutani, banda la kuku, na chumba cha kijana aliyebalehe ambaye hawezi tena kulala na dada zake. Ni fujo, nakubali, na maji ya mvua hayapiti vizuri. Lakini kila bati liliwekwa kwa hitaji ambalo mchoraji hakulijua.

Usije ukadhani nasifia fujo. Baada ya Amin kuondolewa Aprili 1979 tuliishi miaka ambayo hakuna aliyetupangia lolote, ila giza likiingia mwenye bunduki ndiye aliyekuwa serikali, na mtu asiyeweza kutoka nje jioni hana uhuru wowote wa kujivunia. Sheria inayomsimamisha dereva kwenye taa nyekundu hainipunguzii uhuru hata kidogo. Kwa hiyo siulizi kama kuna masharti. Nauliza kama anayeumizwa na mpango ana pa kulalamikia, na kama mpango unaweza kubadilika bila yeye kuumia zaidi. Katiba yetu ya 1995, kifungu cha 20, inasema haki za msingi ni za asili ya mtu, wala hazitolewi na serikali. Utekelezaji wake unaujua mwenyewe.

Hivi karibuni mwenyekiti wa LC1, baraza letu la mtaa, aliitisha kikao kuhusu ule mtaro, ikapendekezwa kila nyumba itoe kiasi sawa cha fedha. Mjane anayechoma mahindi pale kona akasimama, akasema fedha hana, ila ana mikono na vijana wawili. Tulibishana mpaka magharibi, mzee mmoja akaondoka kwa hasira, na mwishowe tukakubaliana kwamba asiye na fedha atachimba. Mtaro umefika nusu. Huko kwenu pengine ungekwisha kwa wiki moja, na sikatai kwamba ungekuwa mzuri zaidi; lakini yule mama alisimama bila woga na uamuzi ukageuka, na jambo hilo sitalibadilisha kwa barabara safi.

Sikuambii uichukie Kigali, maana usafi nao watu wanaustahili. Ila kabla hujaniandikia tena, ongea na mama anayekuuzia mboga, umuulize akiwa na malalamiko kuhusu soko alilopangiwa humwendea nani, na baada ya hapo hutokea nini. Uniandikie alichokujibu.

Baba yako,
Walukuba, Jinja