Jiwe la Nyuma ya Nyumba Halikurushwa

SWALI: Mzee wa safu hii, shikamoo. Tumenunua kiwanja Ntyuka, hapa Dodoma. Nyuma yake kuna jiwe la mviringo, kubwa kuliko daladala, limekaa juu ya mwamba mwingine. Jirani anasema lilirushwa na volkano zamani. Mume wangu anataka kuchimba changarawe iliyo chini yake tujengee. Nimwache?
Mama Neema

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mzuie leo hii, kabla hajashika sururu.

Volkano haihusiki. Hiyo ni graniti, na ilizaliwa mahali hapo hapo, kilomita kadhaa chini ya ardhi, uji wa mwamba ulipopoa taratibu mno. Ndiyo maana chembe zake unaziona kwa macho: kwazi kama kioo, feldispa nyeupe au ya waridi, ulanga unaometameta. Uji wa volkano hupoa upesi, chembe hazipati muda wa kukua. Miamba yetu ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, Kilimanjaro, ambayo ndiyo volkano, haijafikisha hata milioni 3. Muda wote huo mvua imekuwa ikibeba udongo na mawe yaliyoifunika graniti.

Mwamba ulipopunguziwa mzigo ukapasuka, nyufa zikakatana, ukagawanyika mapande yenye kona. Maji yakapenya humo, pande likiwa bado limezikwa. Feldispa ikaoza ikawa mfinyanzi; kwazi haiozi, ikabaki mchanga. Kona huliwa kutoka pande tatu kwa pamoja, basi huisha kwanza, kinabaki kiini cha mviringo. Changarawe anayoitamani mumeo ni huo mwamba uliooza, na ndiyo inayolishikilia jiwe.

Marehemu mama alitulea watoto sita kwa kugonga kokoto. Jioni aliwasha kuni juu ya mwamba. Asubuhi ganda limeachia kama la kitunguu, analivunja kwa nyundo. Alitukataza jambo moja tu: kuchokoa kilichobeba jiwe. Jirani yetu alichokoa, mvua za Januari zikiwa zimelowesha chini. Jiwe liligeuka polepole, bila kishindo, likamkalia mguu. Nilikuwa na miaka tisa, na sauti ya jirani yule ninaisikia mpaka leo.

Mchanga nunueni wa korongoni. Kabla ya kuchimba msingi, mleteni mjiolojia alitazame jiwe. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko hapa hapa Dodoma, waulizeni. Na mkishaezeka, maji ya paa yasielekee upande wa jiwe.