Mkuu, usiziweke saa za mjomba ndani ya sefu la kuzuia moto

Kama bado hujalipia hilo sefu, usilipe. Kama umeshalipia, usiingize saa hata moja humo mpaka umalize kusoma hapa.

Umesema umerithi saa nne za marehemu mjomba wako, unazivaa kwenye harusi na misiba tu, unakaa Pasiansi, Mwanza, karibu na maji ya ziwa, na muuzaji wa mjini amekushauri uchukue sefu la kuzuia moto, utie saa humo pamoja na maboksi yake, utupie vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, ufunge, uwe unafungua mara moja kwa mwaka. Ushauri huo huo nilipewa mimi, na ndio ulioua saa ya baba yangu.

Muuzaji hakukwambia sefu hilo limetengenezwaje. Sefu la kuzuia moto si chuma kitupu. Lina kuta mbili, na katikati yake kumejazwa mchanganyiko wa aina ya zege au jasi ambao umeshikilia maji kwa makusudi. Nyumba ikiungua, maji yale yanageuka mvuke na kuchelewesha joto lisifike kwenye karatasi zako. Kwa hati ya kiwanja ni kazi nzuri kabisa. Lakini maji hayo hayangoji moto. Mwaka mzima yanatoka kidogo kidogo kuelekea ndani, na kwa kuwa mlango umewekewa mpira wa kuziba, yakishaingia hayana pa kwenda. Umenunua chumba chenye unyevu wake chenyewe, halafu ukakipeleka ukanda wa ziwa.

Ya baba ilikuwa Omega ya kujaza funguo, mwili wa chuma, mkanda wa ngozi. Niliiweka ikiwa inatembea vizuri. Ililala humo masika yote, na nilipofungua, harufu ilinipokea kabla sijaiona saa. Mkanda ulikuwa na ukungu wa kijani mpaka kwenye matundu ya kufungia. Boksi lake la kitambaa lilikuwa na ubaridi wa nguo ambayo haijakauka. Uso wa saa, ule mweupe uliokuwa safi tangu nikiwa mtoto, ulikuwa umetapakaa vidoa vya kahawia. Nilipojaribu kujaza, funguo, kile kitufe cha pembeni cha kuzungusha, ikazunguka bure, kisha ikabaki mkononi. Fundi alipoifungua akanionyesha: kile kijiti cha chuma kinachounganisha funguo na mashine kilikuwa kimeliwa na kutu hadi kikakatika. Unyevu hupenda kuingilia hapo, pembeni kwenye funguo, hasa mpira wake ukiwa mzee.

Kijiti kilipatikana. Uso haukupatikana. Ukipakwa rangi upya utang'aa, lakini hautakuwa tena uso alioutazama baba kila asubuhi, na wanaonunua saa za zamani hushusha bei papo hapo wakiona uso uliopakwa. Nikauacha na vidoa vyake.

Huyo aliyeniuzia nina hasira naye hadi leo na sioni haya kusema. Nilimwambia wazi kwamba ni kwa ajili ya saa. Akapiga ukuta wa sefu kwa kiganja, akasema humu hata miaka kumi hakiharibiki kitu. Baadaye nilikipata kijitabu cha maelekezo cha sefu la aina ile, nikakuta kimeandikwa bila kificho: lifunguliwe mara kwa mara lipate hewa, na vitu kama saa na picha vitiwe kwanza kwenye chombo kisichopitisha hewa ndipo viingizwe. Mtengenezaji amesema, muuzaji amenyamaza. Mtu anayeuza vitu vya mamilioni na hasomi hata ukurasa mmoja wa maelekezo hapaswi kumshauri mtu kuhusu urithi wake.

Kuna aliyekujibu hapo juu kwamba usihofu, Ziwa Victoria ni maji baridi, kutu ni ya watu wa Dar na Tanga. Nusu ya hilo ni kweli: upepo wetu hauna chumvi ya bahari. Lakini kutu haihitaji bahari, inahitaji maji na hewa, na chuma huanza kushika kutu kwa kasi unyevu wa hewa ukishavuka takriban asilimia 60. Chumvi nayo unayo tayari, ni jasho lako lililokauka nyuma ya saa na ndani ya mkanda. Chumvi hiyo huvuta maji kutoka hewani.

Tena usidanganywe na mchana mzuri. Chukua hewa ya saa nane mchana, nyuzi 28, unyevu asilimia 60, uifungie kwenye sefu. Usiku sefu likipoa hadi nyuzi 23 tu, hewa ile ile imeshafika unyevu wa asilimia 80, maana hewa ikipoa hubeba maji machache. Likipoa hadi nyuzi 19 na nusu, umande unaanza kujitengeneza. Na sefu lako unataka kulikalisha kwenye sakafu ya saruji, chumba cha nyuma kisicho na jua.

Sasa vile vifuko vya viatu. Kifuko cha gramu moja au mbili kimesafiri kwenye kontena, kikakaa dukani, ukakifungua wewe sebuleni. Kimeshakunywa kadiri kinavyoweza. Kikishashiba hakikusaidii. Joto likipanda kinarudisha maji yale yale ndani ya boksi. Na hewa siyo mzigo mkubwa: sefu la lita 30, kwa nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 60, hewa yake ina karibu nusu gramu tu ya maji. Maji mengi yamejificha kwenye mikanda ya ngozi, maboksi ya karatasi, vitambaa, na kwenye kuta za sefu lenyewe. Kuta hizo haziishiwi leo wala kesho, ndiyo maana hakuna idadi ya vifuko itakayokuokoa humo ndani.

Aliyekushauri utie mchele unyonye unyevu naye nimemwona. Mchele uliokauka vizuri, wa Magu au wa Sengerema, bado una unyevu wa kama asilimia 13, na ukiuacha kwenye boksi lililofungwa unyevu wa hewa yake unatulia karibu na asilimia 65. Yaani utaiweka saa palepale unapoikimbiza, pamoja na vumbi na fukusi. Mchele pika ule.

Shika hili moja kuliko yote: saa isilale ndani ya sefu ikiwa uchi. Iwe ndani ya chombo chake kinachoziba hewa, chenye silika jeli kavu (zile punje za kunyonya unyevu zilizomo kwenye vile vifuko) na kipima unyevu, na chombo hicho ndicho kiingie kwenye sefu. Yale makontena ya plastiki ya chakula yenye mpira kwenye mfuniko na vishikizo pande nne yanatosha. Silika jeli nunua ya gramu 100 au zaidi, zile punje za rangi ya chungwa zinazogeuka kijani zikishiba, maana za bluu zina kobalti, kemikali yenye sumu, si kitu cha kushikashika kwenye nyumba yenye watoto. Zikigeuka, zirudishe kwenye oveni, nyuzi 110 hadi 120, saa mbili tatu, uziache zipoe ndani ya chupa iliyofungwa.

Kipima unyevu usikiamini kabla hujakijaribu. Chukua chumvi ya mezani kwenye kizibo cha chupa, idondoshee maji kidogo iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Ifunge pamoja na kipima kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, iache usiku kucha. Kinapaswa kusoma asilimia 75. Kikisoma 69, jua kinapunguza 6, andika kwa kalamu mgongoni mwake. Ndani ya chombo tafuta 40 hadi 50. Usishushe hadi 15 ukidhani ndiyo usalama zaidi, ngozi ya mikanda itapasuka.

Maboksi ya asili yahifadhi kwingine. Futa saa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kausha, acha mikanda ipate hewa siku kadhaa kabla ya kufunga, na kazi hii ifanye kiangazi, Juni au Julai, siyo sasa mvua zinanyesha. Kama mojawapo ni ya betri, itolewe betri na fundi, kwa sababu betri iliyokufa huvuja na kula mashine. Na wala usivute funguo nje ili kuokoa betri, unaufungulia unyevu mlango. Saa yenye ukungu wa mvuke chini ya kioo isiingie kabisa kwenye chombo. Hiyo ni ya fundi kwanza.

Kabla hujaenda kulipa, mwambie muuzaji akufungulie mlango, upige picha ya kibandiko kilicho upande wa ndani na kijitabu cha maelekezo, uviweke hapa. Likiwa sefu la chuma kitupu la kuzuia wezi, mambo ni mepesi zaidi. Likiwa limeandikwa dakika za kuhimili moto, umeshajua kuta zake zina nini.