Umeombwa namba ya PIC kabla ya Ijumaa? Piga hesabu kwanza

Ujumbe uliingia juzi usiku, kutoka kwa mhadhiri wa chuo cha umma huko Kanda ya Ziwa. Baada ya shikamoo hakuzunguka: profesa mmoja wa Ulaya amemwalika kwenye andiko la kuomba fedha za Horizon Europe, anataka namba ya PIC ya chuo (namba inayokitambulisha kwenye mfumo wa ruzuku wa Umoja wa Ulaya), aya mbili kuhusu maabara yao na "bajeti kidogo tu" kabla ya Ijumaa. "Nikubali haraka nafasi isinipite?"

Kubali, dada. Ila usijibu leo. Kati ya leo na Ijumaa kuna kazi ya siku mbili, nayo ndiyo itakayoamua kama chuo chako kitatoka kwenye mradi huo na kitu cha kushikika au na picha za warsha.

Horizon Europe ni programu ya utafiti na ubunifu ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2021 hadi 2027, iliyotangazwa kwa bajeti ya euro bilioni 95.5. Taasisi za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zinaruhusiwa kupokea fedha zake moja kwa moja, kwa kuwa nchi zetu zimo kwenye orodha ya nchi za kipato cha chini na cha kati. Taasisi za China, India au Brazil kwa kawaida hujilipia zenyewe. Kwa hiyo profesa wako hakufanyii hisani. Kanuni ndiyo inayokulipa. Ni kweli pia kwamba ubia wa kawaida unatimia kwa taasisi tatu za nchi tatu tofauti zilizomo kwenye Umoja huo au zilizojiunga na programu, na wewe huhesabiki kati ya hizo tatu. Umeitwa kwa sababu ya ulicho nacho: ziwa, wagonjwa, mashamba, kumbukumbu za miaka kumi za samaki. Na miito mingine (matangazo ya kuita maandiko) inadai kwa maandishi washirika wa Afrika, ambapo bila wewe andiko halipokelewi kabisa. Ukilijua hilo, hata sauti ya barua pepe yako itabadilika.

Swali la kwanza la kumuuliza: kwenye andiko nitaingia kama nani?

Hapa ndipo watu wengi wanapoliwa. Ukiwa mnufaika kamili, unasaini mkataba wa ruzuku, matokeo mliyoyazalisha ni mali yenu, na juu ya gharama zenu za moja kwa moja mnaongezewa asilimia 25 ya gharama za uendeshaji: umeme, intaneti, mhasibu, mlinzi, maji ya maabara. Asilimia hiyo haidaiwi risiti. Ukiingizwa kama mkandarasi mdogo, unalipwa bei ya kazi na mambo yanaishia hapo. Ile asilimia 25 haihesabiwi juu ya kazi ya ukandarasi, na matokeo kwa kawaida yanabaki kwa aliyekupa kazi. Ukiandikwa mshirika asiyepokea ruzuku, jina lako litapendeza kwenye jedwali, lakini nauli ya kwenda kwenye kikao cha uzinduzi utaitafuta mwenyewe. Mratibu, yaani anayeongoza ubia, akikwambia kwamba ukandarasi "ni rahisi zaidi kwenu kwa sababu hakuna makaratasi", anasema kweli nusu. Makaratasi yanapungua, na haki zinapungua nayo.

Sasa bajeti. "Kidogo tu" si namba. Chukua mtafiti mwenye mshahara ghafi wa shilingi 3,600,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 43,200,000. Ongeza mchango wa mwajiri kwa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 15, yaani 6,480,000, na kwa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, asilimia 0.5, yaani 216,000. Jumla 49,896,000. Gawanya kwa 215, idadi ya siku za kazi ambazo Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, wanazihesabu kwa mwaka mmoja, unapata karibu shilingi 232,074 kwa siku. Akifanya kazi siku 60 za mradi, chuo kinadai takriban milioni 13.9, na asilimia 25 juu yake ni karibu milioni 3.5 nyingine.

Kosa la kawaida liko kwenye miezi. Fomu inataka miezi ya kazi, na mwezi wao ni 215 gawanya kwa 12, yaani siku 17.9. Siku 60 basi ni miezi 3.35. Mtu anayehesabu mwezi kuwa siku 30 anaandika miezi 2, halafu mwaka wa pili anashangaa mbona fedha za mishahara zimeisha na kazi ipo nusu.

Kosa jingine ni kudhani kwamba milioni 13.9 hizo ni posho ya mtafiti. Hapana. Zinarudishwa kwa mwajiri kwa sababu mwajiri ameshalipa mshahara. Nyongeza ya mtu binafsi inakubalika tu pale taasisi ina utaratibu ulioandikwa, inaoutumia pia kwenye miradi ya fedha za ndani. Kama chuo chenu hakina waraka wa namna hiyo, usiuandike usiku wa kuamkia ukaguzi, tarehe inaonekana. Cha kufanya ni kuomba nafasi ya mtafiti msaidizi au mwanafunzi wa uzamivu mwenye mkataba wa ajira, maana huyo ndiye atakayeshika kazi ukiwa darasani na wanafunzi mia nne.

Vifaa vina mtego wao. Mashine ya shilingi milioni 40 hailipwi milioni 40 kwa kawaida. Unalipwa uchakavu wa kipindi cha mradi, kwa kiwango ilivyotumika kwenye mradi huo. Kama taasisi huihesabia uhai wa miaka mitano, mradi unaitumia miaka miwili, na nusu ya muda inafanya kazi nyingine, unadai milioni 8. Milioni 32 zinabaki juu ya chuo. Kuna miito inayoruhusu bei kamili, hivyo soma masharti ya mwito wenyewe kabla hujaahidi idara friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kumbuka pia kwamba mashine iliyonunuliwa mwezi wa mwisho wa mradi inakupa uchakavu wa mwezi mmoja.

Fedha zenyewe husafiri hivi: Kamisheni ya Ulaya inamlipa mratibu malipo ya awali, mratibu anawagawia. Asilimia 5 ya ruzuku hukatwa mapema na kuwekwa kwenye mfuko wa pamoja wa bima, na malipo ya awali yakijumlishwa na ya kati hayavuki asilimia 90. Asilimia 10 ya mwisho hivyo inakuja baada ya ripoti ya mwisho kukubaliwa, miezi mingi baada ya watu wako kumaliza mikataba yao. Nani atalipa mishahara hiyo wakati mnangoja? Ulizeni mkaguzi wa ndani na bwana fedha kabla ya Ijumaa.

Halafu zinafika kwetu, na hapa hakuna wa kumlaumu Ulaya. Chuo cha umma Tanzania kinalipa kupitia MUSE na kununua kupitia NeST, mifumo ya serikali ya malipo na ya ununuzi, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mradi ambao haukuingizwa kwenye bajeti na kwenye mpango wa ununuzi unakuta fedha zipo ila kasma, fungu la bajeti la kuzitumia, haipo. Euro zinatua Februari, vitendanishi vinangoja Julai, na mratibu kule anaandika barua ya tatu akiuliza mbona hamjaanza. Dawa yake ni ndogo: siku andiko linapotumwa, weka mradi kwenye makisio ya mwaka unaofuata kama fedha zinazotarajiwa. Uamuzi hutoka miezi mitano hivi baada ya mwito kufungwa, na mkataba miezi mitatu baadaye. Kalenda hiyo inajulikana.

Shilingi nayo. Mnaripoti kwa euro kwa wastani wa viwango vya kipindi cha ripoti, na si kwa kiwango ambacho benki yenu ilibadilishia siku fedha zilipoingia. Tofauti ikiwa hasara, haidaiwi. Ndiyo sababu mhasibu anayejua kazi anaiweka ruzuku kwenye akaunti ya fedha za kigeni pale anaporuhusiwa, na kubadilisha kidogo kidogo.

Ukaguzi huanguka sana kwenye siku za kazi. Kila mwezi, kila mtu anayelipwa na mradi anajaza siku alizofanya, anasaini, na msimamizi wake anasaini. Karatasi moja. Wanaozijaza zote thelathini na sita siku moja kwa kalamu moja wanaonekana upesi: mkaguzi anachukua kitabu cha likizo na orodha ya safari, anakuta mtu alikuwa Mbale tarehe 14 huku karatasi inasema alikuwa maabara Mwanza. Siku hiyo inafutwa, kisha wanatafuta nyingine. Taasisi ikidai kuanzia euro 430,000 inahitaji pia cheti cha mkaguzi wa nje, na nyaraka zinatunzwa miaka mitano baada ya malipo ya mwisho. Boksi lenye jina la mradi, si droo ya mtu anayestaafu.

Kuna miradi inayolipwa kwa mkupuo, yaani kiasi kimoja kilichokubaliwa tangu mwanzo, na inazidi kuwa mingi. Huko karatasi za siku haziombwi na mlipaji, watu wakashangilia. Tahadhari: mkupuo unalipwa kwa fungu la kazi lililokamilika. Wewe ukimaliza sehemu yako na mshirika mwingine akakwama, fungu lote linaweza kubaki bila kulipwa mpaka likamilike. Omba kazi zako ziwe kwenye fungu fupi linaloisha mapema, au fungu kubwa likatwe vipande viwili. Hilo linaombwa wakati wa kuandika. Baada ya kusaini umechelewa.

Namba ya PIC ina tarakimu tisa, inapatikana bure, na huenda chuo chako tayari kinazo tatu, kila idara ikiwa imejisajilia yake. Tafuta kwanza kwenye mfumo kwa majina yote: la Kiswahili, la Kiingereza, la zamani. Tumia ile iliyothibitishwa. Kisha uliza mwakilishi wa kisheria wa chuo kwenye mfumo ni nani. Mara nyingi ni mtu aliyehama miaka minne iliyopita, na barua pepe iliyosajiliwa ni ya kwake binafsi. Kumbadilisha kunahitaji barua ya mkuu wa chuo na wiki kadhaa, ambazo hutazipata wakati wa kuandaa mkataba. Weka anwani ya ofisi ya utafiti.

Vibali nitavipita haraka: COSTECH kwa Tanzania na NACOSTI kwa Kenya, tume za sayansi zinazotoa vibali vya utafiti, maadili ya tiba NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, makubaliano ya kuhamisha sampuli kabla kitone kimoja hakijavuka mpaka. Mnaulizwa haya kwenye sehemu ya maadili ya andiko. Mwenye kujaza sehemu hiyo awe wewe, si kijana wa ofisi ya mratibu ambaye hajui NIMR ni nini.

Mtaniuliza kwa nini tunajifunza kanuni za Brussels kuliko za kwetu. Mwaka 1980, kwenye Mpango wa Lagos, viongozi wa Afrika waliandika lengo la asilimia 1 ya pato la taifa kwa sayansi na teknolojia. Wakuu wa Umoja wa Afrika wakalirudia Addis Ababa, Januari 2007. Kenya ikaenda mbali zaidi: sheria yake ya sayansi ya mwaka 2013 iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti na kuutajia asilimia 2, kiwango ambacho Hazina haijakikaribia. Tanzania tuna COSTECH kwa sheria ya 1986, na mfuko wake wa MTUSATE. Mtafiti anayeidharau mifuko hii kwa udogo wake anakosea. Ruzuku ndogo ya ndani ndiyo inayokupa data ya awali, na data ya awali ndiyo inayokufanya uwe mnufaika badala ya mkandarasi. Lakini na ninyi mlioko kwenye kamati za bajeti, mnaosoma hapa kimyakimya: nchi inayosubiri mwito wa wengine inatafiti maswali ya wengine. Ugonjwa wa mhogo wetu hauwezi kungoja uwe kipaumbele cha mtu mwingine. Na kwa programu ijayo ya 2028 hadi 2034, Kamisheni ya Ulaya ilipendekeza Julai 2025 euro bilioni 175. Sisi tutaipokea na ofisi ngapi za utafiti zenye mhasibu wake?

Turudi kwenye barua yako. Mwandikie profesa kwa heshima kwamba chuo kinakubali kama mnufaika kamili, kwamba bajeti imeambatishwa ikiwa na siku, kima cha siku na asilimia 25, na kwamba unaomba kuongoza kazi moja iliyo na jina, angalau ile ya ukusanyaji wa data. Uliza mkataba wa wabia utafuata kielelezo gani. DESCA ndicho kinachotumika sana, na kisomwe na mwanasheria wa chuo kabla ya kusainiwa. Usiombe radhi kwa urefu wa jedwali.

Na muda wa kufunga. Mfumo hufunga saa 11 jioni ya Brussels. Majira yao ya joto hiyo ni saa 12 jioni kwetu. Majira ya baridi ni saa 1 usiku. Kurasa zinazozidi kikomo watathmini wa maandiko hawazioni, hivyo sehemu yenu isikae mwishoni kabisa mwa waraka. Mwombe mratibu atume toleo la kwanza siku moja kabla. Linaweza kutumwa tena na tena, na la mwisho ndilo linalosomwa.