Kwa mnaopeleka bidhaa maonesho ya wakulima ya Nane Nane kwa mara ya kwanza

Julai ikianza, vijana wanaosindika vyakula huniuliza swali lile lile: banda nilipambeje? Mapambo yasubiri. Kwanza jua nani atasimama mbele ya meza yako, na lini.

Asubuhi ni za wanafunzi. Wanashushwa na mabasi wakiwa na sare zao, wanaonja kila kinachoonjwa na kusonga mbele. Usiwafukuze, ila ficha akiba ya kuonjesha wengine mchana. Tarehe 8 Agosti yenyewe, siku ya kilele, usiitegemee sana: kuna mgeni rasmi, vumbi, spika kila upande, na huwezi kuzungumza na mtu hata dakika mbili. Mnunuzi wa jumla, kwa nilivyoona mimi, huja siku za katikati. Anakuja peke yake, anageuza chupa kusoma lebo, anauliza kama una nembo ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Kama bado huna, mwambie umefikia hatua gani. Ukibabaisha hapo umempoteza.

Banda lililonifundisha zaidi lilikuwa Nzuguni, Dodoma. Majirani walikuwa wamepanga chupa za mafuta ya alizeti kwa ustadi, na wao wamekaa nyuma ya meza wanachezea simu. Mama mmoja alikuja na mashine ya kukamulia kwa mkono, ile yenye mpini mrefu, akawa anakamua palepale. Watu walijaa. Wakulima walitaka kujua gunia moja linatoa lita ngapi. Wengine waliomba kushika mpini wenyewe. Kisha wakaja wafugaji, ambao mafuta hawakuwa na haja nayo kabisa, wakauliza bei ya mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua. Mama yule alikuja kuuza mafuta, akaondoka na wateja wa chakula cha mifugo! Wenye chupa nzuri hawakuulizwa habari ya mashudu, kwa sababu mezani kwao hayakuwapo.

Kwa hiyo peleka kazi, usipeleke bidhaa peke yake. Unatengeneza unga wa lishe? Njoo na nafaka zake zikiwa mbichi, zilizokaangwa na zilizosagwa, watu washike. Unauza mbegu? Hapo maandalizi ni ya miezi. Agosti ni kiangazi sehemu kubwa ya nchi, hivyo vipando unavyoviona uwanjani vimestawi vilipandwa mapema na kumwagiliwa. Ukianza kuulizia eneo Julai, utabaki na picha za mahindi ukutani.

Nafasi, kwa mjasiriamali mdogo, itafute kupitia halmashauri yako au SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo. Utabanana na wenzako ndani ya banda moja, lakini gharama ni nafuu, na mgeni aliyekuja kwa asali ya jirani atapita kwako pia. Wengine huona aibu kubanana hivyo, wanataka banda lao wenyewe kama makampuni kwenye maonesho ya biashara ya Saba Saba. Sijui wanashindana na nani.

Chenji ibebe ya kutosha, na namba yako ya simu iwe kwenye kila kifungashio.

Jioni ya mwisho utashawishika kumwaga mzigo kwa bei ya kutupa ili usirudi nao. Kumbuka mwenye duka aliyekuahidi oda juzi bado anazungukazunguka uwanjani, na bei hiyo ataisikia. Afadhali ulipie nauli ya maboksi, kisha tarehe 9 ufungue daftari la wageni uanze kupiga simu.